Anko Msafiri Anajibu: Bando Limegoma Namanga, WhatsApp Imezimwa Guangzhou

Haya wapenzi wasomaji, mwezi huu meseji zenu karibu zote ni za jambo moja, simu na intaneti ukiwa safarini, sijui ni msimu wa kusafiri au ni bando ndo zimewachosha. Zilizofanana nimeziunganisha, zile za kutafuta wachumba safarini nimezipeleka kwa Shangazi ukurasa wa nyuma. Twende.

Anko habari za kazi. Mimi nauza viatu na mabegi ya kike hapa Kariakoo, miaka yote naagizia watu sasa nimeamua niende mwenyewe Guangzhou. Wateja wangu wote wako WhatsApp, oda napokea kwenye magrupu. Wenzangu wananichanganya, mmoja anasema kule WhatsApp haishiki kabisa, mwingine anasema yeye alikuwa anapiga hadi video, mwingine ananiambia nunua laini ya Kichina, mwingine weka VPN. Nimsikilize nani? – Mama Viatu, Dar

Dada yangu, hakuna aliyekudanganya hapo, kila mtu anasimulia alichokutana nacho, ila hawakukwambia walikuwa wanatumia laini gani.

Iko hivi. China bara wamefunga WhatsApp, Facebook, Instagram, YouTube na Google yote, yaani hadi Gmail na ramani zake. Lakini kinachofungwa ni intaneti inayotokea kule kule. Ukinunua laini ya Kichina, au ukishika waifai ya hoteli, unagonga ukuta. Ukibaki na laini yako ya nyumbani ukawasha romingi, data yako inarudishwa kwanza kwenye mtandao wa kwenu ndo inatoka kwenda duniani, kwa hiyo wewe umesimama Guangzhou ila intaneti inajua uko Bongo. Ndo maana watu wawili wanalala hoteli moja chumba kimoja, huyu anaongea na watoto, yule anazungusha kiduara tu usiku kucha.

Shida ya romingi ni bei. Kabla hujatoka pita kwenye duka la kampuni yako ya simu uulize kifurushi cha romingi cha China hasa, siyo "cha nje", na uulize siku na GB ngapi. Ukiona kimekushinda kuna eSIM, ile laini isiyo na kadi, zipo za wasafiri wa China zinazouzwa mtandaoni na nyingi data yake inapitishwa Hong Kong au Singapore, hivyo WhatsApp inafunguka bila shida. Kujua kama simu yako inakubali piga *#06#, ukiona kwenye orodha kuna namba imeandikwa EID basi inakubali. Inunue na uiweke ukiwa bado Dar, maana kuiweka kwenyewe kunahitaji intaneti na watu wengi wanalijua hilo wakiwa wameshatua. Laini yako ya Bongo usiitoe, zima tu data yake, iache ipokee meseji za benki. Na WhatsApp ikikuuliza kama unataka kubadili namba, kataa, inabaki na namba ile ile hata kama bando linatoka laini nyingine.

VPN, ile programu ya kupitishia intaneti yako nchi nyingine, mimi nisingeitegemea kwa biashara. Kule hairuhusiwi kutumia ambayo haijaidhinishwa, leo inashika kesho imekata, na kuipata ukiwa ndani ni kazi maana Play Store haifunguki.

Sasa WeChat, programu ya meseji ya Wachina, ndo usisafiri bila nayo, kule muuza duka hana habari na WhatsApp yako. Ifungue ukiwa Kariakoo, kwa sababu akaunti mpya mara nyingi inataka mtu mwenye WeChat yake ya siku nyingi askani kukudhamini, na hapo mtaani kwenu hukosi mtu wa hivo, tena anaweza akawa jirani wa fremu. Weka na Alipay, programu yao ya kulipia kwa simu, thibitisha na pasipoti, unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato, yakizidi hapo wanakata asilimia 3, kwa hiyo ni ya teksi, chakula na vitu vidogo, mzigo wa jumla lipia kwa njia uliyopanga na wakala wako.

Na faida yenyewe sasa. Zamani mtu anaenda anachagua kwa macho yake, anarudi na begi mia tano za rangi aliyoipenda yeye, zinakaa stoo mpaka panya wanazoea. Saivi unasimama mbele ya muuzaji kule Sanyuanli kwenye mabegi, umeinua simu, mteja wako wa Mwanza anakwambia fungua zipu nione ndani, pindisha mkono wa begi tuone kama rangi inapasuka, hiyo ya maziwa ipo? Na anatuma advansi kwenye simu kabla wewe na Mchina hamjamaliza kubonyezana kikokotoo. Ila angalia saa, kule wako mbele masaa matano. Saa 3 asubuhi yao huku ni saa 10 alfajiri, ukipiga video unaamsha mtu na waume za watu watakuchukia. Asubuhi piga picha tu, tupia kwenye grupu na bei, wakiamka wazikute, alafu video anza saa 8 mchana ya kule ambapo huku ni saa 3 asubuhi maduka yanafunguliwa.

Ramani ya Google hata ikikufungukia usiiamini, kwa China inakaa upande, inaweza kukuweka mtaa wa pili. Tumia Amap, ramani ya Wachina wenyewe, na piga picha kadi ya hoteli yenye maandishi ya Kichina, ukipotea unamwonyesha dereva unakaa kimya. Tafsiri ya Kichina na Kiingereza shusha kwenye simu kabla hujaondoka, ifanye kazi hata bando likikata.

Ukipitia Dubai ujue kule ni kinyume kidogo, meseji, picha na voisi za WhatsApp zinakwenda freshi ila kupiga simu kwa WhatsApp kumefungwa, wenyeji wanatumia programu zenye leseni kama Botim. Oman pia kupiga kunasumbua hivo hivo, wenye ndugu Muscat mnaijua hii. Tuma voisi.

Mkuu nimeibiwa. Niliunga GB 5 za wiki Arusha, nikapanda basi la Nairobi. Tumefika Namanga hata mhuri sijagongewa simu ikaanza kuleta meseji "karibu Kenya", kuangalia salio, elfu nane yote imekwenda, na bando bado liko zaidi ya GB 4! Nikashuka Nairobi sina hata ya kumpigia mwenyeji wangu. – Kijana wa Ngarenaro

Pole sana mdogo wangu, ila siyo wizi, ni mnara. Simu haijui mpaka uko wapi, yenyewe inatafuta mnara unaosikika vizuri, na pale Namanga minara ya nchi mbili inaangaliana. Ikishashika wa Kenya basi wewe ni mgeni hata kama makalio yako bado yapo Tanzania, na bando la nyumbani haliliwi ugenini, inakula salio kuu kwa bei ya romingi. Na wewe hukugusa kitu, ni WhatsApp inashusha video za grupu, picha zinajihifadhi zenyewe mtandaoni, programu zinajisasisha, elfu nane kwa mtindo huo inakwenda mnapobadilishana viti tu. Wa Holili, Sirari, Tunduma na Kasumulu haya haya wanayajua, kuna watu wanaishi mpakani wamekaa kwao kwenye kochi wanakatwa romingi.

Dawa yake: kabla hamjafika mpakani ingia mipangilio ya simu, zima data romingi, imeisha hiyo. Kama bado unataka kutumia bando lako mpaka dakika ya mwisho, kwenye sehemu ya kuchagua mtandao toa ile ya kujichagulia yenyewe, shika mtandao wako kwa mkono. Ukirudi usisahau kuirudisha, vinginevyo utafika Moshi unalalamika simu mbovu.

Watu wanasema Afrika Mashariki ni mtandao mmoja. Yale makubaliano yalianza 2014 kwa Kenya, Uganda na Rwanda, baadaye Sudan Kusini, na yaligusa zaidi gharama za kupiga simu, usiyachukulie kwamba bando lako linavuka mpaka. Ukikaa Nairobi zaidi ya siku moja mbili nunua laini ya huko, dukani, kwa kitambulisho chako. Yule jamaa wa stendi anayekuuzia laini "imeshasajiliwa bro" mwache nayo, ina jina la mtu usiyemjua na ukifanya miamala humo siku ikifungwa hela yako imelala na jina la watu. Na huku kwetu piga *106# uone kitambulisho chako kimesajilia laini ngapi, kuna watu wanashangaa.

Anko basi limeandikwa FREE WI-FI kubwa ubavuni, nimelipa nauli ya laksha, tangu Dar mpaka Iringa haijafungua hata picha moja. Hii imekaaje? – Mdada wa Mafinga

Ile waifai ya basi haitoki mbinguni, ni kisanduku chenye laini ya simu kama ya kwako, kinatafuta minara ile ile, na bando lake mnagawana basi zima. Mnara ukiwa mbali yenyewe pia haina kitu. Tena wakati mwingine bando limeisha na konda hajui hata nywila nani anayo. Mimi nikipanda basi la mbali filamu na nyimbo nashusha nyumbani usiku, njiani naachia intaneti ya meseji tu, na tukiingia mapori nawasha hali ya ndege, kwa sababu simu ikikosa mtandao inaongeza nguvu ya kuutafuta na hiyo ndo inamaliza chaji, siyo muziki.

Na ile nukta ya bluu inayoonyesha ulipo kwenye ramani haihitaji bando, GPS inapokea mawimbi ya setilaiti bure, kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani yenyewe. Shusha ramani ya njia kabla, utajua mmefika wapi hata mkiwa katikati ya pori, na yule wa kiti cha nyuma anayeuliza kila saa kama tumepita Mikumi utamjibu.

Habari bro. Mimi ni mpagazi Kilimanjaro, wageni kila siku wananiuliza mlimani kuna intaneti? Nikisema ipo kuna sehemu wanakosa wananiona muongo, nikisema hamna wanakuta ipo wananiona mshamba. Nijibuje? – Mbeba Mizigo, Marangu

Bro jibu ni "ipo, siyo kila mahali". Agosti 2022 TTCL walizindua intaneti ya kasi mlimani mpaka Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na lengo lilikuwa ifike mpaka kileleni kwenye mita 5,895. Horombo iko kwenye njia yenu ya Marangu kwa hiyo mgeni wako ana bahati kuliko anayepanda upande mwingine. Lakini mlima ni mlima, ukiwa bondeni au msituni unakosa, ukitoka kwenye uwazi unaoangalia Moshi inarudi, mnalijua hilo kuliko mimi. Kwa hiyo usimwahidi mgeni kwamba atalaivu kutoka getini mpaka Uhuru, mwambie amuage mama yake mapema, na akimpigia tena basi ni bonasi.

Mimi binafsi hizi picha za kileleni za papo kwa papo sizitetei sana, mgeni amefika juu amekata pumzi anahangaika na filta. Ninachokitetea ni pale mtu anapozidiwa na mwinuko usiku. Kiongozi akipata mtandao anaita msaada anasema tuko hapa, tena anasoma namba za GPS kwenye simu, ambazo zinapatikana hata pasipo mtandao, anazituma kwa meseji ya kawaida au anazisoma kwa redio. Meseji ya kawaida inapita mahali ambapo WhatsApp imekwama kwenye tiki moja, wafundishe wageni hilo.

Na baridi, usiku wa kwenda kileleni simu inaonyesha chaji asilimia 40 alafu inazima ghafla. Betri haijafa, imepoa. Walale nayo ndani ya begi la kulalia, na wakipanda iwe mfuko wa ndani karibu na mwili, siyo kwenye begi la mgongoni. Hii ukimwambia mgeni mwanzo atakushukuru kwenye tipu.

Mwanangu, mimi ni mzee wa Tanga nina miaka 68. Inshallah nakwenda Umra na mama yenu. Vijana wamenipa simu ya kupangusa na wananiambia siku hizi hata kuingia Raudha ni lazima simu. Je ni kweli? Na tukipotezana mle ndani nitampataje, sisi si wazungumzaji wa Kiarabu. – Babu wa Chumbageni

Shikamoo mzee wangu, na Mungu awafikishe salama.

Ni kweli. Kwenda Raudha, ile sehemu ndani ya Msikiti wa Mtume Madina, siku hizi kunaombewa nafasi kupitia programu inaitwa Nusuk, unachagua siku na saa, wanaume na wanawake kila mmoja na wake, na mlangoni unaonyesha kibali kwenye simu. Nafasi zinajaa haraka kwa hiyo msisubiri mpaka mfike Madina ndo muanze kuhangaika, mwombeni kiongozi wa kundi au kijana wa nyumbani awafungulie akaunti mapema, yako na ya mama kila mmoja simu yake. Kibali kikitoka kipige picha ya skrini ili hata mtandao ukisumbua pale mlangoni kiwepo. Laini ya Saudia mtaipata uwanja wa ndege kwa pasipoti na alama za vidole, mwambie muuzaji aiweke na aijaribu mbele yako kabla hujaondoka mezani.

Kuhusu kupotezana, kwenye WhatsApp kuna kutuma mahali ulipo moja kwa moja, unachagua dakika 15, saa 1 au masaa 8, wewe chagua masaa 8 kila mnapotoka hotelini, mama naye atume kwako. Kazoezeni nyumbani Tanga, wewe kaa barazani mama aende sokoni umwone anavyotembea kwenye ramani, ikishakuwa mchezo kwenu hamtababaika kule. Ila mzee, ndani ya msikiti simu haijui mko ghorofa gani, na watu wakishakuwa wengi mtandao unazidiwa. Kwa hiyo kila siku kubalianeni na mlango, na milango ya Msikiti Mkuu wa Makka ina namba, wa Mfalme Abdulaziz ni namba 1, wa Mfalme Fahd ni namba 79, mkipotezana kila mtu anakwenda mlango huo anasubiri, hakuna kutafutana mle ndani.

Na karatasi msiiache. Jina la hoteli kwa Kiarabu, namba ya kiongozi, namba ya nyumbani ianze na +255, iwe mfukoni mwako na moja kwenye mkoba wa mama. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa pamoja na huku Afrika Mashariki nzima intaneti ikawa ya kuomba, waliokuwa na tiketi ndani ya barua pepe peke yake walihangaika, aliyeiprinti alipita.

Kaka, pawabenki inaruhusiwa kwenye ndege? Rafiki yangu wamemnyang'anya. – Wa Tabata

Inaruhusiwa kwenye begi la mkononi tu, lile la kupakia tumboni mwa ndege hapana kabisa. Kikomo cha kawaida ni Wh 100, hesabu yake unachukua mAh unagawa kwa 1000 unazidisha kwa 3.7, ya mAh 20,000 inakuja Wh 74, hiyo inaruhusiwa. Ila mashirika yanazidi kukaza, Emirates tangu Oktoba 2025 abiria anapanda na moja tu na haruhusiwi kuitumia humo ndani, na ndege za ndani ya China tangu tarehe 28 Juni 2025 hawataki isiyo na alama ya 3C, ile ya usalama ya China, kwa hiyo Mama Viatu wa hapo juu kama atapanda ndege ya kutoka mji mmoja wa China kwenda mwingine na yeye imhusu. Rafiki yako nadhani yake ilifutika maandishi, hizo hawajadiliani nazo, hawawezi kujua ina ukubwa gani wanaichukua tu. Kama ya kwako imeanza kufutika nunua nyingine yenye maandishi yanayosomeka, au chaji simu ijae kabla ya kutoka na uombe siti yenye tundu la USB.